Unayeanza kupima mitetemo kwa nyundo: likague pigo kabla hujaiamini grafu

Ukikabidhiwa nyundo ya kupimia mitetemo, nakusihi ushike jambo moja: ubora wa vipimo huamuliwa pale pale kwenye mashine. Ukirudi ofisini na data mbovu, hakuna programu itakayoiponya.

Chukua kazi ya kawaida ya Eneo la Viwanda: feni imefungwa juu ya kitako cha chuma, na kitako kinatetemeka kupita kiasi. Feni huzimwa, kitako kikagongwa. Nyundo hupima nguvu ya pigo, aksilerometa (kihisi kinachobandikwa kwenye chuma) hupima chuma kinavyoitikia, kisha kompyuta hugawanya mwitikio kwa nguvu ili masafa asilia, yaani kasi ambazo kitako hupenda kutetemeka kwazo chenyewe, yaonekane kama vilele kwenye grafu. Tunataka kujua kama yamekaribiana na mwendo wa mota. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hiyo mota ya poli nne huzunguka chini kidogo ya mara 1,500 kwa dakika, yaani karibu mara 25 kwa sekunde, au hezi 25.

Sasa kumbuka kwamba karakana ya jirani nayo ina mota kama hiyo. Mtetemo wake hupita sakafuni na kukuchorea kilele karibu na hezi 25 ambacho si cha kitako chako. Kwa hiyo kabla ya kugonga, rekodi bila kugusa kitu. Ukiona kilele hapo, nenda ukamwombe jirani azime kwa muda, au subiri saa ya chakula. Ukieleza kwa heshima, mafundi wengi hukubali.

Ncha ya nyundo isikusumbue sana: ya chuma hutoa pigo fupi linalofika masafa ya juu, ya mpira hutoa pigo refu linaloweka nguvu chini. Kwa hezi 25, chukua laini.

Kila pigo litazame lilivyo kwenye muda. Liwe nundu moja safi. Ukiona nundu ya pili ndogo nyuma yake, nyundo imegusa chuma mara mbili, likatae. Nundu ikikatwa bapa kileleni, kifaa kimezidiwa. Likatae pia, kisha uongeze upeo wa kifaa. Legeza mkono, acha nyundo irudi yenyewe.

Koherensi ndiyo inayowachanganya wengi. Ni namba kati ya 0 na 1 inayoeleza ni sehemu gani ya mwitikio imetokana na pigo lako. Lakini ukipiga mara moja tu, huwa 1 kila mahali, hata kama data imejaa kelele, kwa sababu hakuna pigo jingine la kulinganisha. Kwa hiyo usimwonyeshe mteja mstari ule ulionyooka ukadhani umemaliza. Piga mara tano hivi, mahali pale pale na kwa pembe ile ile (weka alama ya chaki), ndipo uisome. Ikishuka kwenye bonde refu la grafu, si neno, mwitikio hapo ni mdogo mno kuishinda kelele. Ikishuka kwenye kilele, simama utafute sababu.

Mwitikio usipofifia kabla ya muda wa rekodi kwisha, refusha muda kwanza. Sekunde 4 hukupa hatua za hezi 0.25 kati ya nukta za grafu, na faida hiyo ni kubwa. Dirisha la kufifisha, yaani hesabu inayoipunguza rekodi taratibu kuelekea sifuri, lipo kwenye programu, ila huufanya mtetemo uonekane unakufa haraka kuliko ukweli, na lazima kiasi hicho kiondolewe kwenye hesabu.

Kabla ya kufungasha, chagua sehemu mbili za kitako, gonga ya kwanza ukipima ya pili, kisha ubadilishane. Grafu mbili zinapaswa kulingana. Zikiachana, chunguza kama boliti zimelegea, kama kihisi ni kizito kwa bamba jembamba ulilokibandika, au kama mwelekeo wa pigo umebadilika, na urudie ukiwa bado hapo hapo.