Maswali ya Wasomaji: Dirisha Jeupe, Dari Jeusi

SWALI: Ndugu mtaalamu, salaam aleikum. Kazi yangu ni kupiga picha za vyumba vya nyumba za wageni hapa Mji Mkongwe, ili wenyewe wazitangaze mtandaoni. Vyumba ni vya kizamani: kuta nene za mawe, boriti za mikoko darini, na madirisha marefu yanayotazama bahari. Nikiipima kamera kwa mwanga wa ndani, dirisha linatoka jeupe tupu na bahari haionekani. Nikiipima kwa mwanga wa nje, boriti na kitanda vinazama gizani. Rafiki alinionyesha programu ya HDR, yaani ya kuunganisha picha zenye viwango tofauti vya mwanga, lakini picha zinatoka na rangi kali mno na mng'ao wa ajabu kandokando ya fremu za madirisha, na mwenye nyumba mmoja amezikataa. Nifanyeje?
Msomaji, Shangani, Unguja

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu. Kamera yako haina kosa. Kamera nyingi za kisasa za kubadilisha lenzi hunasa tofauti ya mwanga ya stopu 12 hadi 14 katika faili la RAW, yaani faili ghafi la kamera lisilochakatwa, na kila stopu moja ni mwanga maradufu wa ile iliyo chini yake. Chumba chenye kuta nene saa sita mchana, kuanzia uvunguni mwa kitanda hadi jua linalopiga juu ya maji, kinaweza kukipita kiwango hicho. Jicho letu hujirekebisha kila linapohama kutoka dirishani kwenda darini, ndiyo maana ukiwa chumbani huoni shida yoyote. Tatizo lenyewe ni la zamani: katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akiunganisha negativi mbili katika picha moja, moja ya bahari na moja ya mawingu, kwa kuwa negativi moja haikuweza kubeba vyote viwili.

HDR hufanya jambo lilelile kwa hesabu. Unapiga picha kadhaa za mahali pamoja kwa viwango tofauti vya mwanga, kisha programu inachukua kutoka kila picha sehemu iliyonaswa vizuri. Kwa hiyo nusu ya kazi inaisha kabla hujafungua kompyuta, na programu haiwezi kurudisha kitu ambacho hakuna picha hata moja iliyokinasa.

Weka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, chagua f/8 (upana wa tundu la lenzi) na ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), na usiviguse tena. Kinachobadilika ni kasi ya shata peke yake, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, kwa sababu ukibadilisha tundu la lenzi, kina cha ukali wa picha nacho hubadilika, na picha hazitalingana zikiwekwa moja juu ya nyingine. Lenga mara moja, kisha zima ulengaji wa kiotomatiki. Mizani ya weupe, yaani mpangilio wa rangi ya mwanga, nayo iwe moja kwa picha zote. Tuseme picha ya katikati imekaa sawa kwa sekunde 1/15: utapiga nyingine kwa 1/60 na nyingine kwa 1/4, yaani stopu mbili chini na stopu mbili juu. Kwa dirisha linaloelekea baharini mchana, picha tatu mara nyingi hazitoshi. Ongeza ya 1/250 na ya sekunde nzima, ziwe tano. Kamera za Canon hufanya mfululizo huu zenyewe kwa mpangilio ulioandikwa AEB, na za Nikon kwa ule wa BKT. Ukimaliza, tazama histogramu, mchoro wa kamera unaoonyesha giza upande wa kushoto na mwanga upande wa kulia: katika picha yenye giza kuliko zote, mchoro usigonge ukingo wa kulia, na katika yenye mwanga kuliko zote, usigonge ukingo wa kushoto. Hapo ndipo utakapojua kwamba umenasa kila kitu.

Vyumba vya Mji Mkongwe vina mambo yake. Zima pangaboi na usubiri lisimame kabisa. Chandarua kifunge, na pazia libane, kwa kuwa upepo wa bahari hulisogeza kati ya picha moja na nyingine, na kwenye picha iliyounganishwa utaona pazia lenye kingo tatu zilizofifia. Sakafu za ghorofani zilizolala juu ya boriti hutikisika mtu akitembea, basi tumia kipima muda cha sekunde mbili na usimame tuli mpaka mfululizo wote uishe.

Sasa programu. Ukiwa unalipia Lightroom, programu ya kuhariri picha, chagua picha zako na uziunganishe humo. Utapata faili moja la DNG ambalo utalirekebisha kama faili lolote la RAW. Kwa asiyelipia, Luminance HDR ni ya bure na inasoma RAW. Ipe picha zote, iamuru izipange zilingane, nayo itasoma kasi ya shata ya kila picha kutoka kwenye data zilizohifadhiwa na kamera. Kutokana na tofauti hizo inakokotoa mwanga halisi wa kila pikseli, na inaweka matokeo katika faili la biti 32. Paul Debevec na Jitendra Malik walichapisha mwaka 1997 hesabu inayojulikana sana ya kazi hii. Faili hilo lina mwanga mwingi kuliko skrini ya kawaida inavyoweza kuonyesha, kwa hiyo lazima wigo wake ubanwe, na ni katika kubana huku ndiko picha zako zilikoharibikia.

Baadhi ya njia za kubana, kama zile zilizoandikwa Mantiuk '06 na Fattal ndani ya programu hiyo, hulinganisha kila sehemu ya picha na jirani zake, zikiinua penye giza na kushusha penye mwanga. Zinatoa mishipa ya mbao na chembe za chokaa kwa uzuri mkubwa, lakini mahali ambapo ukuta mweusi unakutana na dirisha jeupe, marekebisho ya upande mmoja humwagikia upande wa pili, na huo ndio mng'ao uliouona kwenye fremu. Jaribu Reinhard '02, ambayo ni pole zaidi, na shusha ukolezo wa rangi kuliko unavyotamani. Kisha hifadhi TIFF ya biti 16, aina ya faili la picha lenye ngazi nyingi za mwanga, na umalizie katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, ambayo tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018 inafanya kazi kwa biti hizo.

Lakini kwa kazi ya vyumba, mimi ningekushauri uiache njia hiyo yote na utumie Enfuse, inayopatikana pamoja na programu ya bure ya Hugin. Yenyewe haitengenezi faili la biti 32 wala haibani chochote. Inapima kila pikseli katika kila picha, inaipa uzito mkubwa ile iliyokaa vizuri, na kuzichanganya. Geuza kwanza faili zako za RAW kuwa TIFF kwa mipangilio ileile. Matokeo yake hufanana na chumba ambacho mtu amewahi kulala.

Njia yoyote utakayotumia, linda mpangilio wa mwanga. Dirisha ndilo chanzo cha mwanga wa chumba hicho, kwa hiyo ni lazima libaki na mwanga kuliko ukuta, na ukuta uwe na mwanga kuliko uvungu wa kitanda. Bahari ionekane, ndiyo, lakini ikiwa imefifia kidogo. Picha inayoonyesha bahari ya buluu iliyokolea sawa na shuka la kitandani inamtangazia mgeni chumba ambacho hatakikuta, na mwenye nyumba aliyezikataa picha zako alikuwa na haki.

SWALI: Je, naweza kutengeneza HDR kutokana na picha moja niliyotumiwa kwa WhatsApp?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana, ndugu. Picha ya JPEG, aina ya faili inayotumwa kwa kawaida, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, na anga iliyokwisha kuwa nyeupe tupu haina taarifa yoyote ya kurudisha. Faili la RAW la biti 14 lina ngazi 16,384, kwa hiyo linavumilia kuinuliwa vivuli, lakini hata hilo, ukilitolea nakala tatu zenye mwanga tofauti kisha ukaziunganisha, hupati kitu ambacho hakikuwamo tangu mwanzo. Mwombe aliyekutumia akupe faili la asili kabla hujaanza kuhangaika.

SWALI: Napiga majahazi yakiingia bandarini machweo. Nikiunganisha picha, tanga linatoka mara mbili.
Msomaji, Lamu

JIBU: Kitu kinachotembea hakifai kwa mfululizo wa picha. Piga RAW moja, upime kwa mwanga wa anga ili mawingu yasiungue, kisha inua vivuli vya jahazi kwenye kompyuta. Ikiwa tayari unazo picha tatu na huwezi kurudi, Lightroom na Luminance HDR zote zina sehemu ya kuondoa vivuli vya mwendo, ambayo huchukua tanga kutoka picha moja tu. Ikishindwa, ziweke picha mbili kama matabaka ndani ya GIMP: chini ile yenye jahazi zuri, juu ile yenye anga nzuri, ukiwa umeifunika na barakoa nyeusi ya tabaka. Halafu paka rangi nyeupe kwenye barakoa hiyo kwa brashi laini, angani peke yake, na usimame kabla ya kufika kwenye ncha ya mlingoti.