Wiki Mbili za Baba: Andika Barua Kabla Mtoto Hajafika

Vijana wa kazini kwetu, mmoja wao mkewe anapokaribia kujifungua, huuliza swali lile lile: hivi zile siku za baba zipo kweli, au ni hisani ya bosi? Zipo. Zimo katika Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 29, kijifungu cha 8: mfanyakazi wa kiume ana haki ya wiki mbili za likizo kwa mshahara kamili anapopata mtoto. Kifungu chenyewe karibu chote kinamhusu mama, baba kawekewa sentensi moja tu, na nadhani ndiyo maana wengi wetu hupita bila kuiona.

Ufupi huo una raha yake na karaha yake. Raha ni kwamba sheria haikuweka masharti. Haikutaka uwe umetumikia mwaka mzima, kama ilivyo kwa likizo ya mwaka. Haikutaja cheti cha ndoa. Haikusema ni kwa mtoto wa kwanza peke yake. Karaha ni kwamba haikusema pia siku zianze lini wala uziombe vipi. Mama ameelekezwa atoe taarifa ya maandishi ya siku saba, au pungufu ya hapo kama kuna sababu. Baba hakuelekezwa kitu, na palipo na mwanya kila msimamizi huleta sheria yake.

Mimi mwanya huo ulinikuta kwenye hesabu. Ni karani katika yadi ya makontena upande wa Changamwe, hapa Mombasa, kazi ya shifti. Alipozaliwa mtoto wetu wa pili nilikwenda likizo vizuri, nikarudi, mshahara ukaingia bila kukatwa hata shilingi. Baadaye naomba likizo ya mwaka tuende Lamu kwa shangazi yangu, naambiwa siku zangu zimepungua. Kumbe zile wiki mbili za mtoto zilikuwa zimepigiwa hesabu kama likizo ya mwaka, na hakuna aliyeniambia. Afisa wa wafanyakazi hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, "Hapa ndivyo tunavyowafanyia wote."

Sikubishana naye mdomoni. Niliandika barua ya aya mbili: kifungu cha 28 kinatoa siku zisizopungua 21 za kazi kila mwaka, cha 29 kinatoa wiki mbili za baba, hizo ni haki mbili mbalimbali, naomba rekodi yangu isahihishwe. Nikaambatisha nakala ya ile karatasi ya kuzaliwa inayotolewa hospitali. Siku zangu zilirudishwa, kwa kununa kidogo.

Ndiyo maana nasisitiza barua, na iandikwe mapema, tumbo likiwa bado. Usianze na "naomba unisaidie". Andika kwamba unaarifu kuwa utachukua likizo ya baba chini ya kifungu cha 29(8), taja wiki anayotarajiwa mtoto, sema utathibitisha tarehe akishazaliwa. Kama kazi yenu ni ya rosta, pendekeza nani atashika zamu yako. Anayepanga rosta akishaona pengo lina mtu, vita vimepungua. Peleka kwa baruapepe, au chukua nakala iliyogongwa muhuri. Makubaliano ya kwenye korido, msimamizi akihamishwa, yamehama naye.

Halafu angalia neno "wiki". Likizo ya mwaka huhesabiwa kwa siku za kazi, hii imetajwa kwa wiki, kwa hiyo Jumapili nazo zinahesabiwa humo. Mke akijifungua kwa upasuaji na kulazwa, elewana na kazini mapema kama siku zianze anapozaa au anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Mimi naona kurudi nyumbani ndiko kwenye kazi.

Maana kuna hili la kwetu Pwani: mwanamume afanye nini ndani ya arubaini? Nyumba imejaa wanawake, mzazi anakandwa kwa maji moto, jikoni kuna uji wa pilipili manga. Mama mkwe aliniambia waziwazi, "Wewe mwanangu nenda zako kazini, hapa tupo." Nikamwambia, "Nitakaa, mama. Nitumeni." Na nilitumwa! Soko la Kongowea alfajiri kutafuta samaki, kumvusha mkubwa ferini Likoni kwenda shule na kurudi, mbuzi wa akika ya siku ya saba, kumwandikisha mtoto SHA, bima ya afya ya serikali. Usiku ndio usiseme. Joto la Februari, umeme umekatika, feni imesimama, mtoto hataki kulazwa. Mama mkwe amechoka, mzazi amechoka zaidi. Nilizunguka ukumbini naye begani hadi adhana, na asubuhi nikafua winda. Anayesema baba hana kazi nyumbani hajakaa akaona.

Binamu yangu wa Tanga hunionea wivu, kwa sababu sheria yao ya mwaka 2004 iliwapa akina baba siku tatu. Uganda ni siku nne za kazi. Kwa hiyo tusidharau tulichonacho, wala tusikiache mezani.

Vibarua nao wasijitoe mapema. Najua wengi pale bandarini na kwenye maghala wanaolipwa kwa siku, mwaka wa tatu sasa, na wanaambiwa kibarua hana likizo. Kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo, siku zikijumlishwa zikafika mwezi au zaidi, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mshahara wa mwezi. Akipitisha miezi miwili mfululizo, anastahili masharti kama ya aliyeajiriwa rasmi. Tatizo ni ushahidi. Weka jumbe za malipo ya M-Pesa, piga picha daftari la zamu na kadi ya getini.

Na ukitishiwa kufutwa? Kifungu cha 46 kinasema kwenda likizo unayostahili, au hata kuiomba tu, si sababu halali ya kumfuta mtu. Aliyefutwa anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, au kwenda Mahakama ya Ajira na Leba, ambayo ipo hapa hapa Mombasa. Kesi yenyewe inatakiwa ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Wengi hawafiki huko. Mara nyingi barua yenye namba ya kifungu inatosha, na kama kwenu kuna chama cha wafanyakazi, mpe katibu nakala kabla hujaipeleka ofisini. Tena usome mkataba wa chama na mwajiri, kwa kuwa wiki mbili ni kima cha chini tu, na huenda wenu unatoa zaidi.