Je, Mungu huchoka kusamehe?

SWALI: Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama kanisani. Nilitumia fedha za wenzangu, kisha nikaacha kusali kwa miaka 7. Sasa natamani kurudi, lakini naona haya. Je, Mungu bado atanipokea?

JIBU: Dada yetu, msome Manase, mfalme wa Yuda, katika 2 Mambo ya Nyakati 33. Alitawala miaka 55, akaweka sanamu ndani ya hekalu lenyewe na kuwapitisha wanawe motoni katika bonde la mwana wa Hinomu. Sijui mwasi gani aliyemzidi. Waashuru walipomfunga pingu na kumpeleka Babeli, huko kwenye taabu ndiko alikojinyenyekeza sana akaomba, na Mungu akamsikia, akamrudisha Yerusalemu. Aliporudi aliiondoa ile sanamu aliyoiweka mwenyewe, akaitupa nje ya mji, akaitengeneza madhabahu ya Bwana. Hata hivyo, kitabu cha 2 Wafalme hakiitaji toba hiyo, bali kinaeleza kwamba damu isiyo na hatia aliyoimwaga iliendelea kuigharimu Yuda baada ya kifo chake.

Kwa hiyo usingoje haya ikutoke ndipo urudi. Mwone mchungaji wako, kisha ukae na akina mama hao, daftari likiwa wazi mezani, mkubaliane namna ya kulipa, hata kidogo kidogo kila mwezi. Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri wa Luka 19, naye alitangaza marejesho mbele ya watu. Wapo watakaonuna, na wana haki hiyo, kwa kuwa fedha zilikuwa zao.