Barua kwa mwanangu Rukia: kuhusu paa, na kuhusu maji

Mwanangu mpendwa Rukia,

Assalaamu alaykum. Barua yako imenifikia Jumatano kwa mkono wa dereva wa teksi ya Kamuli, na nimeisoma mara tatu. Unaniambia kwamba fundi mliyemleta kutoka Kampala amepanda juu, akashuka na kusema vigae vimechoka na ni vizito, kwamba kaka yako Juma anataka vivuliwe vyote nyumba iezekwe mabati, na kwamba wewe unataka vitengenezwe vibaki. Unataka mimi niseme neno la mwisho ili ugomvi uishe. Nimekaa barazani na karatasi hii tangu alasiri, na kila nikianza na paa kalamu inanipeleka uani, kwenye tangi. Basi niache nianze huko.

Mnalijua tangi lile kama mfuniko wa chuma mnaoukanyaga mkienda jikoni. Mzee aliyejenga nyumba alilichimba mwanzoni kabisa, kabla hajainua ukuta, akalizungushia mawe na kulipiga chokaa ndani, kama walivyofanya wazee wake huko Gujarati, India, ambako mvua ni chache na kila tone hutunzwa. Yeye aliliita tanka. Maji yote ya paa yalishuka kwa mifereji miwili hadi humo, na nyuma ya tangi kulikuwa na bomba la udongo lililoyatoa maji ya ziada hadi kwenye migomba. Babu yenu, aliyekuja kutoka Tanga kufanya kazi katika meli za Namasagali, ile bandari ya Mto Nile, na ambaye mvua za 1961 zilipoinua maji na kuizamisha gati alijikuta hana kazi mpaka yule mzee alipomwajiri karani wa stoo katika kinu chake cha pamba, alilisafisha tangi lile kila mwaka kabla ya mvua za Machi. Aliingia mwenyewe kwa ngazi, na ufagio wa makuti. Alipokabidhiwa funguo mwaka 1972, Waasia walipopewa siku 90 waondoke Uganda, kitu alichoagizwa hakikuwa samani wala ng'ombe. Aliambiwa, "Angalia maji." Nimelisikia neno hilo mezani mara nyingi kiasi kwamba nilipoolewa mwaka 1981 nilidhani ni methali ya Kitanga.

Babu alifariki mwaka 1986. Mwaka 1988 mfuniko wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa, na asubuhi moja nilimkuta Juma, ana miaka mitatu, ameketi ukingoni mwa tangi miguu ikining'inia ndani, anatupa kokoto ili asikie zinavyolia majini. Sikupiga kelele. Nilitembea polepole nikamshika kwapani. Jioni ile ile marehemu baba yenu aliita vijana wawili wakalijaza tangi vifusi, juu yake wakamwaga zege. Mimi ndiye niliyewapikia chai. Sijawahi kumlaumu, na hata sasa nikijiuliza ningefanya nini nasema ningefanya vilevile. Kisha najijibu kwamba mfuniko mpya wa chuma ungegharimu chini ya lile zege, na kwamba tulikuwa na hofu, na mwenye hofu huziba shimo haraka asiulize lilichimbwa kwa ajili gani.

Maji hayakujua kwamba tangi limezibwa. Yaliendelea kushuka kwa mifereji ile ile, yakagota kwenye zege, yakarudi nyuma hadi chini ya ukuta wa chumba cha kulia. Ukuta ule ni wa matofali mekundu yaliyochomwa papa hapa, laini, yanayonyonya maji kama mkate unavyonyonya chai, na yameunganishwa kwa chokaa na mchanga. Ukuta wa namna hiyo hulowa na kukauka, hulowa na kukauka, miaka sitini, bila kudhurika. Sisi tulipoona rangi inabambuka tulipiga plasta ya saruji ndani na nje ili "kuzuia" unyevu. Saruji ni ngumu kuliko tofali lenyewe, haipitishi pumzi. Maji yaliyopanda kutoka chini yakakosa pa kutokea, yakazidi kupanda, na chumvi yake ikawa inachanua juu ya plasta kama unga mweupe. Nilikuwa naufuta kwa kitambaa kila Ijumaa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijawahi kuwaambia ninyi watoto. Mwaka 1993 mwenye nyumba alirudi. Sheria ya kurudisha mali za Waasia ilikuwapo tangu 1982, lakini wengi walisubiri miaka ya amani, naye alikuja na hati zake mkononi, mzee wa miaka zaidi ya sabini aliyetoka Leicester kwa ndege na Kampala kwa basi. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, umeshika kanga yangu. Tulijua anakuja ama kututoa ama kutuuzia. Usiku wa kuamkia siku ile nilitazama ukuta wa chumba cha kulia na lile doa lililofika usawa wa kiuno changu, nikaona haya. Nikamwamsha msichana wa kazi, tukalisukuma kabati la vyombo hadi likaliziba doa lote. Ni lile kabati la mvule unalolipenda. Alama za miguu yake bado zimo sakafuni.

Mzee hakuingia ndani. Alisalimia, akavua viatu kwa mazoea, akapitia pembeni mwa nyumba hadi uani, akasimama juu ya zege. Kiswahili chake kilikuwa kile kile cha dukani, miaka ishirini na moja haikukitia kutu. Alitazama mifereji, akatazama chini, akamuuliza baba yenu: "Maji yanakwenda wapi sasa?"

Baba yenu akacheka, akasema, "Yanajiendea tu, Mzee."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Nilijua yanakwenda wapi. Yalikuwa nyuma ya kabati langu. Ningeweza kusema. Mzee alinitazama, si kwa ukali, alinitazama kama mtu anayesubiri, nami nikainamisha macho nikamimina chai. Hakuuliza tena. Siku ya tatu alikubali kutuuzia, kwa malipo ya awamu tuliyoyamaliza kwa mahindi na kahawa na ile pikipiki ya baba yenu, na alipoaga alikigusa kizingiti kwa vidole akavipeleka kwenye paji la uso. Baadaye tulisikia amefariki huko Leicester. Sikupata kumwambia.

Ukuta ulianguka katika mvua kubwa za mwishoni mwa 1997, zile za El Niño. Haukuanguka wote, ulifura usiku, na alfajiri plasta ikashuka kwa kipande kimoja kikubwa kama mlango, imeng'oa nyuso za matofali na kuondoka nazo. Kabati halikupata hata mkwaruzo.

Hapo ndipo tulipoanza matengenezo unayoyakumbuka wewe kama miezi ya vumbi. Fundi mmoja mzee kutoka Iganga, aliyejifunza uashi katika majengo ya misheni, alikataa kugusa ukuta kabla ya kufungua tangi. Walivunja zege siku nne. Na walipotoa vifusi, Rukia, ile chokaa ya ndani ilikuwa bado nyeupe na laini kama ganda la yai, haina ufa, baada ya kufukiwa miaka kumi. Fundi alishuka akaipapasa kwa viganja vyote viwili, akaniita nami nishuke nikaipapase. Nilishuka na gauni langu, mtu mzima mwenye watoto wanne, nikakaa chini ya ardhi nikiipapasa, na sikutaka kupanda.

Chokaa ya ukuta tuliiagiza Tororo, ikaja kwa mawe yaliyochomwa. Ilizimwa kwa maji ndani ya shimo, ikachemka na kutoa mvuke hata mbwa wakakimbia, kisha ikafunikwa na kuachwa iive kwa wiki nyingi. Baba yenu alikosa subira, akasema mfuko wa saruji ungekwisha kazi kwa siku mbili. Fundi akamwonyesha: chokaa sehemu moja, mchanga sehemu tatu, tabaka jembamba, kisha magunia yaliyoloweshwa yanatundikwa mbele ya ukuta ili usikauke kwa pupa, kwa kuwa chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa. Ninyi watoto ndio mliokuwa mnayanyunyizia maji mkitoka shule. Ukuta ule umekaa zaidi ya robo karne sasa. Uweke mkono uhisi.

Kwa hiyo unaponiuliza vigae au mabati, mimi nasikia swali la mzee. Kabla ya kuuliza kitu kingine chochote juu ya nyumba, uliza maji yanakwenda wapi. Najua mmechoka kunisikia nikisema hivyo. Je, fundi wa Kampala aliangalia mifereji? Aliinua mfuniko wa tangi? Au alitazama juu tu? Vigae hunyonya mvua kidogo na kuishusha taratibu. Mabati huiachia yote mara moja, na mifereji ile ya zamani haitaipokea, itamwagikia ukutani, nanyi mtarudi mahali tulipokuwa sisi. Hilo si kusema mabati hayafai. Ni mepesi, ni ya bei nafuu, na Juma ana haki anaposema kwamba yeye ndiye atakayelipa zaidi. Tena paa la mabati halihitaji mtu wa kupanda kila mwaka kubadilisha kigae kilichopasuka, na mimi siwezi tena kupanda, nanyi mko mbali. Lakini kigae kikipasuka unabadilisha kimoja. Na kenchi zile ni za mvule, zilipigiwa hesabu ya uzito huo tangu mwanzo. Anayesema vigae ni vizito aseme pia ni boriti ipi imepinda, aioneshe kwa kidole. Nimelala chini yake zaidi ya miaka arobaini nikisikiliza mvua, na sijasikia boriti ikilia.

Nilikwisha kuandika hapa jibu langu, maneno manne tu, nikayakata. Umeona nilivyoyakata, na ukiinua karatasi kwenye taa pengine utayasoma; usiinue. Nyumba sasa ni yenu, na niliapa baada ya ile siku ya sinia la chai kwamba ama nitasema ninachokijua au sitasema kabisa, lakini sitakaa nyuma ya kabati. Ninachokijua nimekisema. Ninachokitaka ni kitu kingine, na mkinilazimisha kitaonekana usoni mwangu, kwa hiyo afadhali mwamue kabla hamjafika.

Ila njooni kabla ya mvua za Machi, wewe na Juma pamoja, na fundi wenu mje naye. Stoo ya nyuma ina vigae mia moja na arobaini nilivyoviokoa banda la jiko lilipobomolewa. Vimo nyuma ya mlango, vimesimamishwa ubavu, havikulazwa, kila kimoja kina mhuri wa Mangalore, kule India vilikotengenezwa. Mwambie Juma avigonge kwa kifundo cha kidole kimoja baada ya kingine. Kizima hulia kama kengele, chenye ufa hunyamaza. Avitenge mafungu mawili. Ufunguo wa stoo ninao mimi, na uji utakuwa tayari.

Mama yako