Tunataka kununua timu ya besiboli ya ligi huru, mmiliki anaiendeshaje?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Minnesota mwaka wa 11 huu, mimi na wenzangu wanne tuna kampuni ya malori. Kuna mzee mmoja tunambebea mizigo katuambia timu ya besiboli ya ligi huru, mji mdogo si mbali na huku, inauzwa, mwenyewe kachoka anataka kupumzika. Besiboli tunaipenda ila sisi tumekulia kwenye soka, hatujui mmiliki anafanya nini hasa. Wachezaji anawachagua nani, anawalipa nani, hela inaingilia wapi, na tuangalie nini kabla hatujaweka sahihi? Usitufiche kitu.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na mmefanya vizuri kuuliza mapema, maana wengi wananiletea makaratasi sahihi ishawekwa. Mimi ni mhasibu, nimeshika vitabu vya timu ndogo za besiboli huku misimu kadhaa, kwa hiyo nakujibu kwa upande wa pesa na uendeshaji.

Kwanza mjue mnanunua nini. Juu kabisa kuna zile timu 30 za MLB, ligi kuu ya besiboli, bei zake ni mabilioni (Mets ya New York mwaka 2020 ilienda kwa kama dola bilioni 2.4), hizo tuziache. Chini yake kuna timu 120 zilizofungamana na zile kubwa, kila kubwa na nne zake, na huko mmiliki hachagui mchezaji wala hamlipi, timu mama inaleta wachezaji na makocha na kuwalipa yenyewe, anaweza akaamka asubuhi akaambiwa mrusha mpira wake bora kapandishwa kwenda timu ya juu na jioni ana mechi na hana la kusema. Zamani zilikuwa kama 160, MLB ikazikata 2021, zilizobaki sasa zinagombaniwa na watu wazito, kampuni moja tu ya Diamond Baseball Holdings ishachukua zaidi ya 40.

Yenu ni aina ya tatu. Ligi huru kama American Association, Frontier, Atlantic au Pioneer, hamna timu mama, kila kitu chenu. Mshahara wa mchezaji wenu, kocha wenu, basi la safari, hoteli za ugenini, mipira, bima ya mchezaji akiumia kazini. Na mipira msiidharau, mechi moja inakula makumi kwa sababu ukishaingia jukwaani ni wa shabiki, haurudi. Ila mishahara yenyewe ni midogo, ligi zinaweka ukomo, na wachezaji wengi wanakaa kwenye nyumba za familia za pale mjini zinazowapa chumba bure msimu mzima. Kwa hiyo ondoeni hofu ya soka, mshahara wa straika sio utakaowamaliza.

Kuchagua wachezaji ajirini kocha anayejua, huku chini mara nyingi kocha ndiye anayewatafuta mwenyewe kwa simu usiku na mchana, mpeni bajeti mkae pembeni. Nasema hivi kwa sababu ninyi mko watano na kila mmoja atataka kumwambia kocha nani aanze, na mchezaji akijua anaweza kwenda kulalamika kwa tajiri hiyo timu imekwisha. Na mkipata kijana mzuri timu ya MLB ikamtaka, mtalipwa elfu chache za dola basi, msiandike kwenye bajeti kama mapato, andikeni kama bahati.

Sasa pesa. Sisi tunahesabu kwa kichwa, yaani kila mtu aliyepita getini kaacha shilingi ngapi hadi anatoka. Chukua msimu wa mechi 96, kati ya Mei na mwanzo wa Septemba, nyumbani mna mechi 48. Tuseme kila mechi watu 2,000, hapo ni vichwa 96,000 kwa mwaka. Tiketi kwa wastani dola 9, hiyo ni 864,000. Chakula na bia dola 8 kwa kichwa, 768,000. Namba hizi ni za mfano tu, za kwenu muombeni muuzaji, ila angalieni kitu kimoja, ukiweza kumfanya kila mtu aache dola moja zaidi umepata 96,000 bila kumsajili mtu yeyote. Halafu kuna wadhamini, matangazo ukutani, kampuni kulipia jina lake liwe la uwanja, hiyo pesa ni tamu kwa sababu mvua haiigusi.

Mvua ndio nataka nikae nayo kidogo, maana kwenye soka mvua ikinyesha mnacheza, besiboli hapana. Mechi ikiahirishwa kabla ya kuanza inarudishwa siku nyingine, mechi mbili siku moja za awamu saba saba badala ya tisa za kawaida, na mtu anaingia kwa tiketi moja anaona zote mbili. Yaani usiku mliopoteza ni mapato yamekwenda moja kwa moja ila wafanyakazi na mikate iliyoshafunguliwa mmelipa. Awamu 5 zikishachezwa mechi inahesabika na tiketi imetumika, zisipofika mtu anadai aingie siku nyingine. Na kuanza au kutoanza ni uamuzi wa wenyeji, lakini karatasi za vikosi zikishafika mkononi mwa refa uamuzi ni wake, kwa hiyo saa 12 jioni mtu wenu awe anaangalia rada ya hali ya hewa asibandue macho.

Nakumbuka Ijumaa moja ya Juni, usiku wa fataki, watu wameshajaa, wingu likatoka magharibi jeusi tii. Kwenye timu ndogo hakuna kikosi cha kuvuta turubai, kengele ikipigwa kila mtu wa ofisini anatoka, wa tiketi, wa matangazo, mimi na tai yangu, na mmiliki mwenyewe mzee wa miaka sitini na kitu kavua viatu. Lile turubai limeviringishwa kwenye bomba kubwa, mnalisukuma kwanza halafu mnashika ukingo mnakimbia nalo kufunika eneo lote la udongo, na upepo ukiingia chini linanyanyuka kama tanga la jahazi, anayejua anapiga kelele "achia!" na mnaachia wote, ukibaki umeng'ang'ania linakuburuta. Tulilaza kwa dakika chache, tukarundika mifuko ya mchanga pembeni, tumelowa chapachapa. Mvua ikakatika baada ya nusu saa, tukafunua, udongo mkavu, mechi ikachezwa na fataki zikapigwa. Udongo ungelowa ule usiku wote ungekufa. Tangu siku hiyo nikiambiwa mmiliki fulani havuti turubai huwa naomba kuona vitabu vyake mara mbili.

Haya, jambo ambalo kama mtasahau yote mengine hili mlishike: msinunue timu, nunueni mkataba wa uwanja. Timu yenyewe ni jina, jezi, na haki ya kucheza ligi kwenye eneo fulani. Uwanja mara nyingi ni wa mji au wa kaunti na ninyi ni wapangaji, na mkataba wa upangaji ndio unaosema bia ni ya nani, paking ni ya nani, pesa ya jina la uwanja inaenda wapi, tamasha likifanyika Julai mnapata au hampati, taa zikiungua nani ananunua, nyasi nani anakata, mkataba unaisha lini na mji ukitaka kubomoa mna haki gani. Wakili ausome neno kwa neno, na ninyi muusome pia.

Kuna timu nilikwenda kufanyia kazi, jina niliache, wamiliki wapya waliweka kwenye bajeti paking dola 5 kwa gari. Mechi ya kwanza nimesimama uzioni nahesabu magari, yakapita kama 800, nikajiambia dola 4,000 usiku huu, mara 48 ni 192,000, safi sana. Kesho yake naenda kutafuta hela haipo. Mkataba ukurasa wa nyuma huko ulikuwa unasema paking yote ni ya mwenye uwanja. Hakuna aliyewadanganya, imeandikwa, ila hawakufika ukurasa ule. Mwaka wa pili waliuza.

Chakula nao uko hivyo hivyo. Kama vibanda vinaendeshwa na kampuni ya nje na ninyi mnapata asilimia 40, ile 768,000 inakuwa 307,200, ila hamnunui nyama wala hamlipi wapishi. Mkiendesha wenyewe mnapata zaidi na kazi zaidi, na leseni ya pombe inakuwa kwa jina lenu na kesi za mlevi pia. Bia muiheshimu. Timu ya Cleveland Juni 1974 iliuza bia senti 10, mashabiki wakalewa wakavamia uwanja, refa akawapa wageni, timu ya Texas, ushindi.

Kujaza hivyo viti 2,000 ndio kazi ya mmiliki ya kila siku, na haifanyiki msimu wa joto, inafanyika Novemba hadi Aprili kwa simu na kwa miguu. Tiketi moja moja ya getini haiaminiki, muuze makundi, makanisa, shule, viwanda, ligi za watoto, mtu mmoja anachukua tiketi 150 na mvua ikinyesha hela ishalipwa. Na ninyi mna kitu wenzenu hawana, jamii zetu za Afrika Mashariki huko Minnesota ni kubwa, wekeni usiku mmoja wa mishikaki na sambusa muone.

Nendeni St. Paul mkakae jukwaani jioni moja. Saints, timu ya pale, walianza 1993 kwenye ligi huru kama yenu, nguruwe mdogo ndiye anayempelekea refa mipira, kila siku kuna kitu kipya, watu walijaa hata timu ikifungwa, wakapata uwanja mpya 2015 na 2021 wakachukuliwa na Twins, timu ya MLB ya huko huko Minnesota, kuwa timu yao ya daraja la juu kabisa chini ya MLB. Mmoja wa waliokuwa nyuma ya kazi ile ni Mike Veeck, baba yake Bill Veeck alimiliki Cleveland, St. Louis Browns na White Sox, na mzee huyo alikuwa anakaa jukwaani na mashabiki anapiga nao soga. Ninyi watano mgawane mechi, kila mechi mmoja wenu awe getini watu wakitoka, awaulize choo kilikuwaje. Sitanii, mama akikuta choo kichafu familia nzima hairudi.

Kodi kwa kifupi. Yule mzee Bill Veeck ndiye aliyeanzisha ujanja wa kuwahesabu wachezaji kama mali inayochakaa, siku hizi sheria tangu 2004 inaruhusu karibu bei yote ya timu igawanywe miaka 15 kama gharama. Lakini hiyo ni kama mnanunua mali za timu, mkinunua hisa za kampuni yake hampati na mnarithi madeni yake yote, na kama ninyi mtakuwa wawekezaji wa mbali tu hasara ile inaweza isiwasaidie kwenye faida ya malori. Hapo mkae na mtu wa kodi kabla ya kukubali muundo.

Ligi nayo lazima iwakubali, wamiliki wenzenu wanapiga kura, na kwa kawaida watataka dhamana ya benki ya kulipa mishahara mkikwama. Pesa hiyo inakaa imefungwa, iwekeni pembeni ya bei, na muwe na akiba ya kuishi Oktoba hadi Aprili ambapo getini haingii mtu.

Na hili muuzaji hatawaambia asipoulizwa. Tiketi za msimu ujao na matangazo ya ukutani huanza kuuzwa msimu ukiisha tu, hela anaipokea yeye, mechi mtacheza ninyi. Mkiweka sahihi Februari mnaweza kukuta kashakula robo ya mapato yenu na ninyi mmebaki na deni la kuwahudumia watu ambao hamkuwapokea hata senti. Ombeni orodha ya kila tiketi na kila tangazo lililolipiwa mapema, hela iko benki gani, na jumla yake ikatwe kwenye bei. Akisema orodha haipo, msitoe hata amana.