Tairi la jina geni kwenye Coaster ya kulala: ninavyolikagua kabla sijatoa hela

Mkuu uliyeko Kigoma, nimesoma swali lako lote. Umenunua Coaster, umeng'oa viti, umeweka vitanda, jiko la gesi na tenki la maji la lita 200. Unataka kuipeleka familia Katavi kwa njia ya Uvinza na Mpanda, kisha mrudi kupitia Tabora. Matairi yaliyokuja na gari yamekwisha, na duka moja hapo Mwanga limekupa seti ya jina ambalo hujawahi kulisikia, bei karibu nusu ya yale yanayojulikana. Unauliza kama ni salama. Waliotangulia kukujibu wamegawanyika: hawa wanasema usithubutu, wale wanasema wanayatumia mwaka wa pili hawajaona shida. Sioni jibu hata moja la kukusaidia hapo, maana hakuna aliyekuuliza gari lako lina kilo ngapi.

Mimi niko Tabora. Nimeendesha Coaster za abiria za tajiri kwa miaka mingi, na sasa nina Canter yangu yenye bodi ya kulala, nanunua asali Sikonge hadi Inyonga. Ile barabara ya Ipole kwenda Mpanda unaijua au utaijua: msitu kushoto, msitu kulia, lami imenyooka na mtandao wa simu hakuna. Tairi likipasuka pale una familia ndani, bei uliyookoa dukani haikusaidii chochote. Ndiyo maana suala hili nalichukulia kwa uzito.

Msimamo wangu ni huu: jina ni jambo la mwisho kuuliza. Kwanza uliza kama tairi linaweza kubeba gari lako, la pili lilitengenezwa lini, la tatu nani atawajibika likiharibika.

Kwa nini nasema jina ni la mwisho? Angalia Marekani, ambako magari ya kulala ni mengi. Juni 2022 Goodyear, kampuni ambayo kila fundi anaijua, iliagiza yarudishwe matairi yake aina ya G159, kama 173,000, yaliyotengenezwa kati ya 1996 na 2003 na kufungwa kwenye magari hayo ya kulala. Kampuni ilishikilia kwamba tairi lenyewe si bovu, hatari inakuja likiwa na upepo mdogo au likizidishiwa mzigo. Sasa jiulize, gari lililojazwa vitanda, kabati na maji linazidishiwa mzigo kirahisi kiasi gani? Kabla ya hapo, Agosti 2000, Firestone iliagiza yarudishwe matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, kwa sababu yalikuwa yanabanduka kashata, yaani yale meno ya mpira yanayogusa barabara. Hayo ni majina makubwa.

Jina dogo nalo lina hatari yake, lakini ya aina nyingine. Mwaka 2007 mwagizaji mmoja mdogo wa Marekani aliripoti kwamba matairi aliyoagiza China yalikosa, au yalikuwa na pungufu ya, ule ukanda wa mpira laini unaokaa kati ya mikanda ya waya ili isiachane. Mtengenezaji alikanusha. Mwagizaji akasema hana uwezo wa kugharamia kuyarudisha yote. Mimi kilichonigusa hapo si China, maana China wanatengeneza matairi mazuri tu na nimeyatumia. Kilichonigusa ni kwamba ule ukanda huuoni kwa macho, hata ulipige tairi teke mara mia. Basi unategemea mtu mwenye jina, anwani na mfuko wa kukulipa. Hilo nitalirudia nikifika kwenye risiti.

Sasa tuje kwenye kilo. Jaza maji, weka mtungi wa gesi, pakia nguo na chakula, pandisha familia yote, halafu nenda mizani ya TANROADS uombe usomewe kila ekseli peke yake. Maji ni kilo moja kwa lita, kwa hiyo tenki lako pekee ni kilo 200. Ukija huku ukanunua asali, ujue ndoo ya lita 20 ni kama kilo 28, maana asali ni nzito kuliko maji. Na mizani ikikuruhusu kupita, usidhani tairi nalo limeruhusiwa. Sheria ya mizani inalinda barabara. Ekseli inaweza kuwa halali kabisa kwa serikali huku tairi lako linalia.

Tuseme mizani imesoma mbele kilo 2,100 na nyuma kilo 3,500. Chukua tairi, soma ubavuni. Baada ya saizi utaona namba kama 117/115L. Namba ya kwanza ni mzigo wa tairi likiwa peke yake, kama mbele: 117 ni kilo 1,285. Ya pili ni likiwa pacha, kama nyuma kwenye Coaster: 115 ni kilo 1,215. L ni mwendo usiozidi kilomita 120 kwa saa. Mbele kila tairi linabeba wastani wa kilo 1,050, kwa hiyo lina nafasi. Lakini duka likikuletea la 108/106, hilo la mbele linabeba kilo 1,000 tu. Nyuma litakutosha, mbele limeshazidiwa kabla hujatoka Kigoma, hata liwe na jina la dhahabu. Na huo ni wastani. Kama tenki na jiko umeviweka upande mmoja, upande huo unabeba zaidi, kwa hiyo usikubali tairi linalotosha kwa kubana.

Ukiona namba moja tu, kwa mfano 91, rudisha hapo hapo. Hilo ni la gari dogo, kilo 615.

Tarehe. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mwisho wake kwenye tarakimu nne zilizozungukwa na kiboksi cha mviringo. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upande mmoja unaweza kukosa hizo tarakimu, geuza tairi uangalie upande wa pili. Zikiwa zimekwaruzwa au kupigwa msasa, ondoka dukani. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanataka tairi libadilishwe likifika miaka 6, na watengenezaji wa matairi kadhaa wanaweka 10 kuwa ukomo hata kama kashata bado ndefu. Uingereza tangu Februari 2021 wamepiga marufuku tairi la zaidi ya miaka 10 kwenye ekseli ya mbele ya lori na basi. Gari la kulala linaumia zaidi hapa, kwa sababu linasimama uani miezi, kashata haziishi, mwenyewe anaona matairi mapya kumbe mpira umekauka.

Hili nimeliona kwa macho. Tajiri wangu wa zamani alifunga mbele matairi ya jina kubwa sana, kashata zimejaa, yalikuwa yamekaa muda mrefu nje ya ghala juani. Tulikuwa tunatoka Nzega mchana wa Oktoba. Usukani ulianza kutetemeka kidogo, kisha kukawa na mlio wa pa, pa, pa chini ya miguu yangu. Nikaachia mafuta, nikashika usukani kwa mikono miwili, breki sikuigusa mpaka gari likapunguza lenyewe. Tuliposhuka tukakuta kashata zimebanduka zaidi ya nusu ya mzunguko, waya zimetoka nje, na madigadi yamechanwa. Tairi halikuwa limepasuka, upepo ulikuwemo. Chini ya kashata mpira ulikuwa na nyufa ndogondogo ambazo ukipinda ubavu kwa vidole zinafunguka. Tangu siku hiyo kila tairi napinda ubavu na kumulika kwa tochi ya simu katikati ya kashata, liwe jipya au mtumba.

Alama ya E. Kwenye tairi lolote linalouzwa Ulaya kuna duara lenye E na namba, kwa mfano E4, na pembeni yake namba ndefu ya kibali. Wauzaji wengi watakuambia "E4, hili la Uholanzi." Si kweli. E4 ni nchi iliyotoa kibali, tairi linaweza kuwa limetengenezwa popote. Lakini alama hiyo ina maana: aina hiyo ya tairi ilipimwa, na kiwanda kilikubali kukaguliwa. Tairi la jina geni lenye E na namba kamili ya kibali, DOT kamili, na maandishi yote yamechomoza kwenye mpira wenyewe, hilo naendelea kulisikiliza. Lenye stika nzuri na ubavu mtupu, silisikilizi. Zile herufi mbili au tatu zinazofuata DOT ni kiwanda. Ukiziandika kwenye intaneti unapata kilipo. Mara nyingine utagundua jina geni linatoka kwa kampuni kubwa tu: Rovelo ni ya Sailun, Kormoran ni ya Michelin, Barum ni ya Continental. Hapo ugeni umekwisha.

Risiti sasa. Muulize muuzaji aliyeagiza ni nani na yuko wapi. Dai risiti ya EFD, na iandikwe jina la tairi, saizi na idadi, isiandikwe "spea". Muulize kama TBS, wale wa viwango, wamelipitisha. Muuzaji mwenye mzigo halali hakasiriki kwa maswali haya, mara nyingi anakuonyesha makaratasi. Anayeanza kukupigia kelele kwamba unamchelewesha, kakujibu tayari. Ukishuku ni bandia, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia.

Upepo. Zile kilo za ubavuni ni halali kwa upepo ulioandikwa pale pale, tairi likiwa baridi. Ukipunguza upepo ili gari liwe laini, umepunguza na kilo. Tairi lenye upepo mdogo linapindapinda kila mzunguko, linachemka, na joto ndilo linaloachanisha mikanda. Nunua geji yako, pima asubuhi kabla hujawasha gari, pima na lile pacha la ndani ambalo mafundi wengi hawalifikii. Mchana likipanda usilitoe upepo, litashuka lenyewe likipoa. Kama yako ni ya tyubu, funga tyubu mpya na flapu mpya, ule mkanda wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu. Tyubu kuukuu imeshavutika, ndani ya tairi jipya inajikunja na kujisugua. Usichanganye la waya na la nailoni kwenye ekseli moja.

Kwa hiyo ningekuwa wewe? Kama lile tairi la Mwanga lina namba ya mzigo inayokutosha na ziada, halijavuka miaka 2, lina E na DOT kamili, na muuzaji anatoa risiti, ningelifunga nyuma bila hofu. Mbele ningejikaza ninunue mawili ya kampuni ambayo ina wakala nchini ninayeweza kumfuata mlangoni. Nyuma likipasuka pacha mwenzake atakushikilia mpaka usimame; mbele hakuna wa kukushikilia. Likikosa hata kimoja kati ya hivyo vinne, liache, hata wakikupunguzia tena bei. Na usiende Katavi na spea ya zamani iliyokuja na gari. Hiyo nayo ina tarehe yake, isome.

Ukishatoka mizani, weka hapa kilo za kila ekseli na picha ya ubavu wa tairi, pande zote mbili. Nitazisoma na wengine watanirekebisha nikikosea.