Kuhusu hofu yako ya vimbunga

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Unaniuliza kama mhame nyumba yenu iliyo karibu na bahari, kwa kuwa kila msimu simu yako hujaa picha za mapaa yaliyong'olewa, na upepo ukivuma usiku hupati usingizi.

Sitakwambia usiogope, maana kimbunga ni cha kuogopwa. Ila picha hizo huonyesha upepo, ilhali wengi wanaokufa huuawa na maji: bahari inayosukumwa nchi kavu, na mvua inayofurisha mito hata mbali na pwani. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kimbunga kina nguvu kiasi gani, uliza sakafu yenu iko mita ngapi juu ya bahari, na maji yakija yatapita wapi.

Mwaka 1970 kimbunga kiliipiga nchi ambayo leo ni Bangladesh, na watu wanaokadiriwa kuwa 300,000 au zaidi wakafa. Mwaka 2020 kimbunga Amphan kilipofika huko, watu zaidi ya milioni 2 walikuwa wamekwisha kuhamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi. Vimbunga hivyo havikulingana, lakini pengo hilo limetokana zaidi na tahadhari zinazotolewa mapema, watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti, na majengo imara ya kukimbilia.

Hata hivyo usijilegeze. Wataalamu wakitaja mafuriko ya mara moja katika miaka 100, wana maana kwamba kila mwaka uwezekano wake ni asilimia 1. Ukikaa hapo miaka 30, uwezekano wa kuyaona walau mara moja hufikia takriban asilimia 26.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo, tulivyojifungia ndani tukihesabu sekunde kati ya mwanga wa radi na ngurumo, kila tatu zikiwa kama kilomita moja? Ukipita sita, vidole vyako vilikuwa vikilegea mkononi mwangu. Radi ilikuwa ileile, ila ulikuwa umepata kipimo, na hicho ndicho ninachotaka ukitafute sasa. Waombe wahusika ramani ya maeneo yanayofurika. Mkiwa ndani ya eneo hilo, kuhama ni jambo la kulipangia bila papara; mkiwa nje yake, kazeni paa, na jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake umewaua watu waliokwisha kuokoka na kimbunga chenyewe.

Jambo moja nakuomba ulifanye wiki hii, kungali shwari: mbebe mtoto, mtembee kwa miguu kutoka mlangoni hadi jengo mtakalokimbilia, kisha uniandikie mmetumia dakika ngapi.

Mama yako